Upande wa Nyuma wa Paa

Jumanne, 11 Oktoba 1988

Mke wangu Awuor amerudi kutoka shuleni na madaftari ya darasa zima. Macho mekundu tena – moshi wa koroboi. Amesema hanunui tena mafuta ya taa akingojea stima ya magazetini. Gazeti lenyewe ndilo ninaloliandikia.

Nimepita mjini kwa Kiarie, fundi wa sola. Kioo cha kufunga juu ya mabati, betri ya gari, balbu mbili. Yuko tayari Jumamosi. Nimemwambia nitafikiri.

Bei si tatizo. Mwezi wa tatu niliandika kwamba stima itafika upande wetu wa Munyaka kabla ya mavuno. "Alisema mkubwa wa wilaya." Na kweli alisema, mbele ya umati, nami nikanukuu neno kwa neno. Mavuno ndiyo haya. Hata shimo la nguzo halijachimbwa.

Jumatano, 12 Oktoba

Karani wa wilaya ninayemwamini amenieleza. Nguzo zetu zilipelekwa kwingine zamani, shambani kwa mtu mzito. Mwaka huu hakuna, mwaka ujao hakuna. "Ukiandika, Jeconia, mimi nimekwisha." Sitaandika. Hata nikiandika, mhariri hatachapa. Hayo ni mambo ya kazi, nimeyazoea.

Nisilolizoea ni la Nyongesa, jirani yangu mwenye mashine ya kusaga. Gazeti lilipotoka aliuza injini yake ya dizeli akanunua mota ya stima. Tangu hapo mota imefunikwa gunia. Wanawake wanapita mlangoni kwake na mahindi kichwani, wanaenda kusaga kule barabara kubwa. Wanamsalimia kwa adabu sana. Afadhali wangemcheka.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimemwambia Kiarie aje.

Sub-chifu amenisimamisha njiani. Mji huu hauna siri. "Ripota, nasikia unataka stima yako binafsi. Vizuri. Lakini tarehe ishirini tuna baraza, mkubwa anakuja kuwahakikishia wananchi. Sasa waone kitu kinang'aa juu ya nyumba yako, si watasema hata mwandishi amechoka kungoja?"

Akacheka. Nami nikacheka. Naliandika hilo kwa sababu lilitokea.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nyongesa amenikuta nje nikipiga viatu rangi. Kuna mtu wa kule Turbo anataka mota. Atakuja na pikapu Jumatatu asubuhi, na hatarudi mara ya pili. Akimuuzia atapata pesa za injini kuukuu ya dizeli, awahi mavuno. Asipomuuzia, na stima isije, atafunga mlango arudi kwao Webuye na watoto wote.

Nikajitetea kabla hajanilaumu. Mimi niliandika tu alichosema mkubwa.

"Huyo husema kila siku," akajibu. "Kama ni maneno yake, ningenunua mota? Nilinunua kwa sababu ni wewe uliandika. Nilimwambia mama watoto, Jeconia haandiki upuzi."

Nikakipiga rangi tena kiatu kilichokwisha kung'aa.

"Najua mdomo wako una mwenyewe," akasema. "Kwa hivyo sikuulizi kitu. Fundi anakuja kesho, sivyo? Ukiweka hiyo sola, nitajua stima haiji, nauza. Usipoweka, nangoja. Nitaangalia paa lako, basi. Sijasikia mtu amekamatwa kwa sababu ya paa."

Amenitafutia njia ya kusema kweli bila kufungua mdomo. Mimi, miaka yote kazini, sikuwa nimeiona.

Jumamosi, 15 Oktoba

Kiarie amekuja na ngazi. Akauliza upande gani. Mbele kunatazama barabara, jua linapiga tangu asubuhi. Nyuma kuna mikaratusi.

Nikasema nyuma.

"Mzee, hii kitu inakula jua. Huko itakula kivuli. Unamficha nani?"

"Wezi."

"Mwizi hupita nyuma, Mzee. Mbele hupita wageni." Lakini akafunga nilipotaka.

Nataka kuandika kwamba nilimhofia sub-chifu peke yake, na kwamba nilikusudia kumwambia Nyongesa kwa mdomo. La kwanza ni kweli. La pili nilijiambia ngazi ilipokuwa imekwisha kuegemezwa ukutani.

Jumapili, 16 Oktoba

Baada ya kanisa Nyongesa alisimama barabarani, kofia mkononi, akaangalia mabati yetu. Akasogea kidogo, akaangalia tena. Nilimwona kupitia dirisha. Kisha akaja mlangoni.

"Nimeona," akasema. "Asante, ndugu yangu. Basi nangoja."

Nilikuwa nimeshika mlango. Nyuma yangu, sebuleni, waya mpya na balbu. Angeingia hatua moja tu angeviona. Alikaa kidogo, kama mtu anayengoja neno. Neno lenyewe ni "karibu". Sijawahi kumnyima mtu neno hilo, hata wale waliokuja kunidai. Leo sikulisema. Akavaa kofia, akasema nimsalimie mwalimu.

Jioni Awuor amewasha balbu. Mwanga hafifu lakini safi. Nikamwomba afunge pazia. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, kwa ufupi, kama ninavyotuma habari kwa simu. Amezima balbu, akawasha koroboi, akarudi kwenye madaftari yake.

Jumatatu, 17 Oktoba

Asubuhi. Pikapu ya Turbo iko kwa Nyongesa. Naiona kutoka mezani.

Mwenyewe ni mtu mnene mwenye koti la mvua. Nyongesa ametoa gunia, anamwonyesha mota, lakini anatikisa kichwa. Mnene anaongea kwa mikono. Nyongesa anatikisa tena. Sasa ananyoosha kidole – huku kwetu, juu. Anamweleza habari ya paa.

Nimevaa viatu. Maneno yenyewe ni machache: Njoo uone nyuma ya nyumba. Si lazima nimtaje karani. Si lazima nitaje stima.

Awuor amesimama mlangoni na mkoba wake. Atachelewa shule. Ameuacha mlango wazi.

Mnene amezunguka gari. Amefungua mlango, ameweka mguu mmoja ndani, bado anabishana. Nyongesa anarudisha gunia juu ya mota, analivuta taratibu hadi pembeni, kama anayefunika mtoto.

Injini imewaka. Pikapu inarudi nyuma, inatafuta nafasi ya kugeuza.

Awuor ameita jina langu. Bado naandika.