Mama Mukwe Aliangalia Bandama

Kamina, Siku ya Posho (Jumamosi), 1954

Bado kiuno inaniuma! Leo mama mukwe alikuja hospitali ninamofanya kazi, kuona kwa nini nilimuomba bandama ya mbuzi yake. Desturi inatukataza kuongea uso kwa uso. Niligeukia ukuta, nikaongea na bibi yangu, binti yake, naye akamupelekea maneno.

"Mwambie aangalie mikroskopi, pale karibu na mulango. Kuta za mishipa ya bandama ziko na nyufa ndogo sana. Chembe changa ya damu inajikunja, inapita. Ile nzee inakwama, inaliwa."

Mara daktari akaniita. Mama mukwe alikuwa ameziba mulango wote, na kumugusa ni mwiko. Nikarukia dirisha. Nikakwama.

Nyuma yangu nikasikia sauti yake:

"Muulize bwana yako: huyu nani atamukula?"