Masikio ya Ndovu wa Pangoni

Mjomba,

Kila Ijumaa nikipita makaburini nakutolea salamu, nakuombea dua fupi, naenda zangu. Leo nimekaa chini. Niko barazani kwako, alasiri imekwisha kuswaliwa, na karatasi nimeiweka juu ya sinia kwa kukosa meza. Nina mambo ya kukuuliza, na najua hutanijibu. Hata ulipokuwa hai, swali lisilokupendeza ulikuwa hulisikii.

Kwanza habari, maana ungetaka habari kabla ya lawama. Bi Mwanasha ametoka eda salama. Ule mlango wa jikoni uliokuwa ukilia nimeutia mafuta. Wageni ninawatembeza mimi sasa, safari yako ile ile ya nusu siku. Saa tatu asubuhi nawachukua hotelini, tunaanzia pango la Wahindi hapa Mwabungo, kisha kwa kina mama wasuka mikoba kule Kinondo, tunamalizia kibandani kwa Musyoka mchonga vinyago. Niseme tulikuwa tunamalizia. Kwa Musyoka hatuendi tena, na aliyekataza ni mimi.

Unanijua. Tangu mdogo, nikipewa embe nalinusa kwanza. Ulikuwa ukinicheka mbele za watu, unasema, "Salim huyu hata kivuli chake angekidai kitambulisho." Basi sikiliza kivuli kilivyonifikisha.

Ilianza na masikio. Mwezi wa pili baada yako nilipata wageni wanne wa Kihindi kutoka Nairobi, mume na mke, na wazazi wa mume. Nikafanya kama ulivyonifunza. Viatu nje. Sauti chini. Mwenyewe nikasimama kwenye kizingiti cha jiwe, naeleza bila kunyoosha kidole, kwa kuwa ile ni nyumba ya ibada ya watu na sisi Waislamu mle ni wageni kama wageni wengine. "Ingia na macho, mikono iache na viatu," ulikuwa ukiniambia, na miaka saba niliyokufuata sikukuona ukigusa hata ua moja mle ndani. Nikawapa na ile hadithi yako: jinsi babu wa marehemu mume wa Mama Kokila, yule bibi wa Kihindi, alivyoileta ile sanamu ya mti kutoka Gujarati, imefichwa ndani ya godoro, akaiweka pangoni kwa sababu pango lilimkumbusha la kwao. Mungu wao mwenye kichwa cha ndovu, kimo chake kama mkono mpaka kiwiko, mweusi kwa moshi wa taa na ubani wa miaka yote hiyo.

Yule mzee akaitazama sana, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Bwana, huyu hakutoka Gujarati. Masikio haya ni ya Tsavo."

Wenziwe wakacheka. Mimi nikaangalia. Mjomba, nilikuwa nikiingia mle mara tatu kwa wiki na nilikuwa sioni kitu. Yule wa zamani alikuwa na masikio madogo, yamelala shavuni. Huyu masikio yake yametanuka kama ungo, yanafika mabegani. Ni masikio ya ndovu wanaopangwa rafuni kwa Musyoka, wakubwa kwa wadogo, wanasubiri Wazungu.

Hapo nikakumbuka vidole vya Mama Kokila. Yeye bado anakuja kila Jumanne kutoka Ukunda kuwasha taa, na macho yake mtoto wa jicho ameyala karibu yote. Anagusa miguu ya sanamu, anagusa na kipaji cha uso wake. Kwa muda alikuwa akitoka na alama nyeusi usoni, na mimi nampanguza kwa leso yangu, yeye anasema, "Moshi, Salim. Moshi wa zamani." Leso ile nilikuwa nikiifua haitakati. Siku ile nilipofika nyumbani niliinusa. Rangi ya viatu. Nani hapa pwani asiyejua hila hiyo? Mwarobaini unachongwa, unapakwa rangi ya viatu, na mgeni anaambiwa ni mpingo.

Nikaanza kumchunguza Musyoka. Nikaona kwamba kila nikiingia kibandani na wageni, anaangalia kwanza kona ya nyuma, penye gunia. Siku moja nilimkuta gunia liko wazi kidogo, akalivuta kwa mguu huku akinisalimu. Zamani alikuwa akiniuliza habari za pango, leo mmepeleka wangapi, taa zilikuwa zinawaka. Sasa haulizi. Tena nikarudi nyuma mpaka siku tuliyokuzika. Imamu aliposimama akauliza watu wanakushuhudiaje, wakasema mtu mwema, na aliposema kama kuna uliyemkosea akusamehe, umati mzima uliitikia, "Tumemsamehe." Musyoka alikuwa kando, karibu na ukuta, kofia mkononi. Hakuitikia. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Siku ile nilisema moyoni, huyu Mkristo, labda hajui desturi zetu. Baadaye nikasema, anajua, ila ana lake.

Basi nikasema. Nilisema mara moja tu, pale Kona ya Musa, mbele ya waongoza wageni wenzangu: Musyoka ameiuza sanamu ya Mama Kokila kwa Wazungu na kuweka ya kwake. Mara moja ilitosha. Sikuulizwa niliona wapi wala lini. Niliulizwa tu, "Mtu wa bara, wewe ulitegemea nini?" Miaka ishirini yuko hapa, watoto wake wamezaliwa Msambweni, na mambo yote yakaisha kwa neno hilo. Wageni hawapelekwi kwake. Jirani yake amejenga uzio wa makuti katikati yao. Na kesho mwenyekiti wa kijiji ameitisha kikao, Musyoka aambiwe abomoe kibanda arudi kwao. Mama Kokila ataletwa pia, aambiwe mbele ya watu kuwa amekuwa akikiwashia taa kinyago cha kuuzia wageni. Mimi ndiye shahidi. Nilikuwa nimekwisha kupiga kanzu pasi.

Jana Bi Mwanasha akanipa mkoba wako wa kazi. "Wewe ndiye unayefaa kuwa nao," akasema. Ndani mlikuwa na filimbi, tochi, misbaha, na karatasi za hoteli zilizolowa na kukauka. Chini kabisa palikuwa na kitu kimefungwa katika kipande cha kanzu yako kuukuu. Nikafungua. Mkonga wa ndovu, Mjomba. Mkonga wa mti mkongwe, urefu wa kidole, umevunjika kwenye shina, unanuka ubani.

Sitakuficha: sikukudhania vizuri. Nilidhani mlikuwa pamoja, wewe na Musyoka. Nilikaa kitandani pangu nikaanza kuchambua kila ulichowahi kuniambia. Ile habari ya godoro, ni kweli? Yule babu, alikuwapo? Na zile Jumanne ulizokuwa ukienda pangoni peke yako "kufagia," ulikuwa ukifagia nini? Ni jambo baya kumshuku mtu ambaye huwezi kwenda kumgongea mlango. Nililia, kisha nikakasirika kwa kuwa nimelia.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Musyoka. Nilimkuta na tezo mkononi na gogo halina umbo. Hakunisalimu. Nikauweka ule mkonga juu ya kigogo chake cha kazi. Aliutazama, akaweka tezo chini, akaenda kona ya nyuma, akaondoa gunia. Alikuwa pale, yule wa zamani, masikio madogo, uso hauna mkonga, na ufa umeshuka mpaka kifuani.

Sasa najua, na nakusimulia kama alivyonisimulia, ili kama kuna uongo ujue si wangu. Siku moja ambayo sikuwa nawe, kulikuwa na mgeni, mama wa makamo, mwenye kamera. Giza la pango lilimshinda. Akaomba sanamu isogezwe mlangoni penye mwanga, kidogo tu. Miaka yote ulikuwa ukiombwa hivyo na ukikataa. Siku ile ulikubali. Musyoka anasema alikuuliza kwa nini, nawe ukamjibu, "Alikuwa anasafiri kesho yake, na aliomba vizuri." Ukaibeba kwa mikono yako miwili, pekupeku kama ilivyo kanuni, na pale kwenye kizingiti palikuwa na mafuta ya taa yaliyomwagika.

Ulikwenda kwa Musyoka nayo ndani ya kanzu, unatetemeka. Ulimwambia umebeba usichopaswa kubeba na umeangusha usichopaswa kuangusha, umekosa kwa dini yako na umekosa kwa dini ya watu. Alichonga siku tatu bila kupumzika, ile iliyovunjika ikiwa mbele yake, ili Jumanne isifike pakiwa patupu. Nikamwuliza, basi masikio? Akasema, "Mkono ulizoea, Salim. Miaka ishirini nachonga ndovu wa huku. Niliona nimemaliza, na kesho yake ilikuwa Jumanne."

Ulimkataza asiseme mpaka upate moyo wa kumwambia Mama Kokila mwenyewe. Kila Jumanne ulikwenda. Kila Jumanne ulirudi, ukapita kibandani, ukatikisa kichwa. Kisha presha ikakuwahi. Mkonga ulibaki mkobani kwa sababu, nadhani, hukujua pa kuuweka. Kuutupa hukuthubutu, na wa kumwuliza unatupwaje ni yule yule usiyeweza kumwambia.

Nilimwuliza Musyoka kwa nini makaburini hakuitikia. Akasema, "Mimi hakunikosea. Mwenye alikosewa hakuwa pale." Nikamwuliza kwa nini amekaa kimya mimi nikimchafua mji mzima. Akaniangalia kama mtu anayetazama ubao una fundo. "Ningemtaja mzee aje, na yeye ashalala kwa udongo?" Nikasimama pale mlangoni. Hakunikaribisha kukaa, na sikustahili.

Nikarudi hapa nikamweleza Bi Mwanasha. Alinisikiliza akipepeta mchele, hakusimamisha ungo. Kisha akasema nikautupe ule mkonga baharini na nikae kimya, maiti hatajwi kwa ubaya, na nikisema mumewe alibeba sanamu mikononi watu wa msikitini watalizungumza mpaka wajukuu. "Yule mgeni atapata kibanda kwingine, Salim," akaniambia. "Mume wangu hana kaburi kwingine." Ana haki ya kusema hivyo, ni yeye aliyekufulia ile kanzu uliyoifichia sanamu.

Nimekaa hapa tangu adhuhuri nikijishuku mwenyewe sasa, maana wengine wote wamekwisha. Nataka kusema kweli kwa kuwa ni kweli, au nataka kujiosha? Nikikaa kimya nitakuwa nakulinda wewe, au nalinda jina langu la shahidi? Nimejaribu kukuuliza wewe ungefanyaje. Lakini jibu lako ninalo, Mjomba, nalo silipendi. Wewe ulikaa kimya. Ulikuwa mtu mwema na ulikaa kimya, na kimya chako kimemwangukia mtu aliyekufanyia hisani.

Nimekukasirikia. Nakupenda, na nimekukasirikia. Umenifunza kuvua viatu kwenye milango ya watu, kuwaambia wageni kina mama wa Kinondo wapigwe picha wakitaka wao, kumsubiri Mama Kokila amalize dua zake hata gari la hoteli lipige honi mara kumi. Hukunifunza hili. Hili nabahatisha.

Basi sikiliza ahadi yangu. Kesho mapema, kabla ya kikao, nitakwenda Ukunda nyumbani kwa Mama Kokila, na Musyoka kama atakubali kufuatana nami, na vipande vyote viwili vimefungwa katika shuka safi. Nitamwambia ni wewe. Nitamwambia na jinsi ulivyotetemeka, na zile Jumanne. Yeye ndiye anayejua mungu wao aliyevunjika anapelekwa wapi, na atakakosema nitavibeba mpaka huko, kwa idhini yake, nikiangalia ninapokanyaga. Kisha nitakuja kikaoni. Nitaanza na langu, kwamba nilimsingizia mtu nisichokiona. La pili litakuwa lako, na nitalisema kwa jina lako kamili, kwa kuwa nikisema "mtu mmoja" watasema ni Musyoka.

Bi Mwanasha huenda asinifungulie mlango huu tena. Nitaswali msikiti mwingine kwa muda ikibidi.

Pumzika, Mjomba. Mungu akufanyie wepesi kuliko nitakavyokufanyia mimi kesho. Mama Kokila akikusamehe, nitakuja kukwambia. Asipokusamehe, nitakuja vile vile.

Mpwa wako,
Salim