Mlango Uliomkataa Fundi Wake

Shoga uko wapi?? Nimejificha stoo nicheke, mbavu zinaniuma!

Unamjua fundi wetu wa mitandao, yule mwenye maringo? Leo alikuwa anamwonyesha bosi mfumo wake mpya. Kompyuta, printa, milango, vyote vinaomba ruhusa kwenye seva moja. "Mama, neno la siri moja tu, ofisi nzima inakutii!"

Basi akaufunga mlango wa chumba cha mikutano ili tuone unavyofunguka. Bosi kamkodolea macho, yeye akakosea neno la siri. Akakosea tena. Mara ya tatu akaunti yake ikafungwa, na ndiyo pekee yenye mamlaka. Tukabaki ndani kama kuku kwenye tenga!

Na bosi alikuwa amebanwa na haja. Kapishanisha miguu, anasema kwa upole wa kutisha, "Baba, fungua."

Mfumo ukamtaka ajibu swali la siri: mkeo hukuitaje? Akajibu, ukakataa. Ikabidi ampigie mkewe, akabonyeza spika ili mikono ibaki kwenye kibodi.

"Mke wangu, huwa unaniitaje?"

"Nikikununia, au ukishaoga?"

SHOGA. UKISHAOGA!!

"Nikishaoga," akanong'ona, jasho linamtiririka.

"Si Kitumbo Laini!"

Akaandika. Mlango ukafunguka. Bosi akatoka mbio, viatu mkononi, hata hakucheka.

Aliporudi akakaa, akajitengeneza nguo, akasema mfumo ni mzuri na upelekwe matawi yote. Ila milango ya vyoo asiiguse.