Mama Ameketi Juu ya Springi

Kanyakine,
Imenti Kusini.
Jumanne, 12 Agosti 2025.

Mpendwa ndugu yangu Kaimenyi,

Hamjambo huko Kanada? Gatwiri na watoto wanaendeleaje, na ule mgongo wako umepoa? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Baridi ya Julai imetuachia mafua tu, maharagwe tumeshavuna, na Mama anakula vizuri kuliko sisi sote.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Karatasi haikatizwi. Mwalimu Kinya anakuja huko kumwona binti yake, atakukabidhi.

Sasa, zile springi za gari. Zilifika salama kutoka Nairobi, na fundi uliyemtuma, Ngari wa Embu, alifika kwa pikipiki yake Jumatano asubuhi. Kufungwa hazijafungwa. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Kompresa, ile inayojaza hewa kwenye mifuko inayobeba gari juu ya magurudumu, ilikuwa imekwama, na gari limekaa chini kama kuku anayelalia mayai, haliendi. Wewe ulisema mifuko itolewe, tufunge springi za chuma, gari lisimame juu siku zote na mambo yaishe. Kwa gari ni sawa. Kwa Mama si sawa, maana magoti yake hayapandi tena. Zamani nilikuwa nikibonyeza kitufe, gari linashuka, anaingia mwenyewe, tunaenda Embu kumwona dada yake Wawira, ambaye tangu kiharusi hatoki kitandani. Mwezi wa sita tulijaribu pikapu ya jirani yetu Mutuma. Vijana wawili walimwinua Mama kama gunia la viazi mbele ya akina mama wa kanisa. Aliomba ashushwe, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakuwa ametoka langoni.

Kwa hiyo Ngari alipofungua mkoba wa spana, Mama alikuja na mkongojo wake, akaketi juu ya katoni ya springi. Ngari akamwita cucu, kama bibi yake mwenyewe.

"Cucu, nipishe kidogo nitoe springi."

"Springi za nani?"

"Za Kaimenyi. Si ndiye amenituma?"

"Basi mngoje Kaimenyi. Mimi nimeketi."

"Cucu, hii kompresa imekufa. Wacha niweke springi, wewe uende ukanywe chai."

"Chai nimebeba," Mama alisema, na kweli chupa ilikuwa mapajani.

Huyo Ngari ana maneno. Alitutajia kila gari alilofufua kuanzia Runyenjes hadi Maua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza taratibu kama hili ndilo litakalomshinda. Ngari akaingia chini ya gari.

Boliti moja ilikatika kwa kutu. Kompresa ilipofunguliwa, pistoni ilikuwa imeshikana na silinda, imezingirwa na unga mweupe. Kumbe ndiyo kutu ya aluminiamu. Vile vidonge vya kukausha unyevu vilikuwa vimegeuka uji. Ngari alitazama mahali gari hulala, akatazama banda la ng'ombe lililo hatua mbili nyuma yake, akasema mvuke wa mkojo ndio umeila. Akauliza nani alichagua mahali hapo. Mama alisema wezi huogopa ng'ombe.

Alililoweka lile dude kwenye mafuta hadi kesho yake. Halikusogea. Akachukua nyundo.

"Piga," Mama alisema. "Lakini ukiivunja, ni wewe utanibeba kila nikienda Embu. Na mimi si mwepesi."

Ngari alimpima kwa macho, akairudisha nyundo mkobani. Alipasha silinda moto, akaigonga kwa kipande cha mti, akapasha tena, mimi nikishika koleo. Mchana pistoni ilisogea unene wa ukucha. Hakuna aliyeshangilia, tuliogopa isije ikasikia. Ikatoka, ikasuguliwa kwa msasa, nami nikakimbia Meru mjini kutafuta ringi mpya za pistoni.

Gari liliinuka Ijumaa. Nikalishusha. Mama akaondoka kwenye katoni, Ngari akanyoosha mkono amsaidie, Mama akampa kikapu chake cha kiondo amshikie.

Ngari anasema kompresa hii huenda ikafika Krismasi, huenda isifike. Ukija Desemba, leta kompresa mpya. Gari linalala palepale. Aliyehamishwa ni ng'ombe.

Jumapili tulienda Embu. Mama na Wawira walishikana mikono mchana kutwa wakibishana ni nani aliyeachia mbuzi wa baba yao mwaka ule. Wakati wa kurudi nilimwuliza Mama kama ana neno nikuandikie. Tulipopita Chuka akasema, "Mwambie nimepanda mwenyewe."

Nisalimie Gatwiri, na uwabusu watoto hata yule mkubwa asiyetaka. Mutuma na Mwalimu Kinya wanawasalimu. Bwana awafunike kwa mkono wake mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukaidi,

Makandi