Jina Nililolifumua

Willow Fork, Ohio
Machi 1872

Dada yangu mpendwa Keziah,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, kifua kimepoa? Shemeji hajambo? Sisi wazima, ila mtoto anaota meno na usingizi nimeusahau. Nakuandikia nikiwa nimempakata, kwa hiyo usinicheke kwa mwandiko huu.

Dada, nimekinai. Unamkumbuka Orpha Dunning, yule mjane avaaye suruali chini ya gauni fupi, anayehutubia kwamba wanawake nao wapige kura? Majuzi alisema hadharani kuwa Mchungaji Pruitt, alipokwenda kumfariji msibani, alimpapasa huku akimnong'oneza, "Lia kwangu, mwanakondoo." Mji mzima ukamgeuka yeye. Mchungaji bado anahubiri, tena juu ya usafi wa moyo!

Alhamisi tulikuwa tukiunganisha blanketi la viraka la kumzawadia Mchungaji, kila mwanamke na kiraka alichotarizi jina lake. Bi Haskell, mkuu wetu wanawake wa kanisa, akasema la Orpha lifumuliwe, mtumishi wa Mungu hawezi kulala chini ya jina la malaya. Mwingine akadakia, eti mwenye suruali ana kifua gani cha kupapaswa! Wakacheka na keki midomoni. Na huyo mwanakondoo je, akauliza wa tatu, si kondoo dume huyo? Kisha mkasi nikapewa mimi: haya Thirza, bibi wee, mkono wako ndio mwepesi, tuondolee uchafu huo.

Nikafumua kimyakimya. Bi Haskell alipoinua kitambaa, jina la Orpha lilikuwa palepale. Lililotoka ni langu.

Akaniuliza kama nimepungukiwa akili. Nikamwambia hapana, mama, ila Mchungaji hatalala chini ya jina langu. Tulipomzika pacha wa huyu mtoto, mimi pia aliniita mwanakondoo, na mkono wake haukukaa begani.

Hakuna aliyecheka tena. Mume wangu Enoch nimemweleza yote; alimchukua mtoto, akanitengea kiti karibu na moto.

Jumatatu wazee wa kanisa wanamwita Orpha kumhoji, nami nitaketi naye benchi moja. Wewe sikuulizi kwa nini ulihama upesi vile, mama alipofariki na Mchungaji akaja kukufariji. Nakuambia tu, dada yangu, benchi letu ni refu.

Nibusie watoto, na shemeji mwambie namsalimu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Thirza