Baba Mkwe Ashuhudia Muujiza wa Injini Kanisani, Kumbe Fundi Ni Mimi

Mpendwa dada Felista, shikamoo na pole kwa kazi ya kutusikiliza, mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, naishi kando ya Ziwa Rukwa upande wetu wa Momba, kijiji sikitaji maana hapa kila nyumba ina redio, na naomba unisaidie haraka kwa sababu Jumapili hii wanakwaya ishirini na sita watapanda boti ambayo injini yake niliitengeneza mimi kwa kisigino cha gamboti, na hapa kijijini wanaojua hivyo ni mimi, mume wangu na Mungu.

Ngoja nianze mwanzo nisikuchanganye. Boti ni ya baba mkwe wangu, na jina lake sitalitaja, maana kwa mila zetu mkamwana halitamki jina la baba mkwe, wala haketi naye, wala hakutani naye uso kwa uso, nikimwona anakuja njiani naingia zangu kwenye mahindi, na yeye kwa wema wake akikaribia kwetu anakohoa tangu mbali ili nipate nafasi ya kupisha, miaka tisa nimeolewa na mwanawe Ipyana sijasema na mzee yule neno hata moja, lakini dada, nampenda, kila akitoka ziwani ananiachia samaki mlangoni, na nilipojifungua mtoto wa kwanza aliimba nje ya uzio mpaka sauti ikamkauka.

Sasa boti yake si hizi za mashine ya kuning'iniza nyuma, hapana, injini yake imekaa tumboni mwa boti chini ya mbao, ni ya dizeli, ilitolewa kwenye pikapu kuukuu, na haina rejeta, inapoozwa na maji ya ziwa yanayovutwa na pampu ndogo, yakishazunguka yanatemwa nje kwa tundu la ubavuni, ukiona tundu linatema maji ujue mambo ni safi. Mvua zilipoisha injini ikaanza kuchemka, akaitwa fundi Edson, ambaye ni fundi mzuri wa pikipiki na mashine za kusaga na simsemi vibaya, akafungua silinda hedi akabadilisha gasketi, ikachemka, akabadilisha gasketi tena, ikachemka, akasema basi ni pampu ya dizeli, ikachemka vilevile, mwisho akafuta mikono akasema, "Mzee, hii imekufa, tafuta nyingine." Na siku zote hizo mimi nilikuwa nyuma ya matete naosha masufuria, naona kwa macho yangu tundu la ubavuni linatoa mvuke mtupu, hakuna hata tone la maji, najing'ata ulimi tu, maana nimekulia gereji ya mjomba wangu Amoni pale Tunduma, utoto wangu wote nimeumalizia chini ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, nikajua injini haina kosa, kosa ni maji hayafiki.

Nikamwambia Ipyana akamwambie baba, akaenda kweli, ila hakusema maneno ni yangu, baba akamcheka mbele ya Edson akasema, "Mwanangu, wewe mwalimu, kaa na chaki zako," ikaishia hapo. Kilichonivunja moyo ni kusikia kwamba baba anauza shamba lake la kahawa kule Ruanda ya huku kwetu, si ile nchi, shamba aliloachiwa na baba yake, ili anunue injini nyingine, na mnunuzi anakuja Jumatatu. Dada, nilishindwa. Jumapili watu wote wakaenda ibadani, mimi nikasema tumbo linanisokota, nikachukua spana nikaingia kwenye boti.

Nilifungua ile pampu ya maji, ndani yake kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, mafundi tunakiita impela, ndicho kinachosukuma maji, nikakuta mabawa sita yamebaki mawili. Manne yamekatika! Nikaanza kutafuta vipande, maana vipande hivyo haviyeyuki, vinasafiri na maji vinakwenda kuziba mbele, nikafungua bomba nikapata vitatu, cha nne sikukiona. Spea sina, kanisani nasikia wanakaribia sadaka, nikakimbia nyumbani nikachukua gamboti la Ipyana la kwenye mpunga, la kushoto, nikakata kisigino, nikachonga kigurudumu kwa kisu, nikakipachika kwenye shafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya pampu, nikafunga pampu, na walipotoka ibadani nilikuwa kitandani nimejifunika kitenge, naugulia tumbo ambalo halikuwa linauma.

Jumatatu mnunuzi wa shamba amesimama pale ufukweni, baba mkwe akasema ngoja nipige stati mara ya mwisho niiage injini yangu, akapiga, ikawaka, tundu la ubavuni likatema maji kama bomba la mjini! Mzee akapiga magoti kwenye tope akalia, akamwambia mnunuzi arudi kwao salama, nami nyuma ya matete nikaruka ruka peke yangu, nilifurahi jamani, sijawahi kufurahi hivyo. Lakini hapohapo mama mkwe akapiga vigelegele, kumbe alikuwa amefunga siku tatu akiiombea hiyo injini. Jumapili iliyofuata baba akatoa ushuhuda, Edson naye akasimama akasema mimi kama fundi nathibitisha ilikuwa imekufa, mchungaji akaruka madhabahuni akipaza sauti kwamba injini mfu imefufuka, kanisa zima likalipuka kwa pambio, na papo hapo ikaamuliwa kwaya ivuke ziwa kwa boti hiyohiyo kwenda kongamano ng'ambo, kiongozi wa kwaya ni mama mkwe mwenyewe, sare za vitenge zimeshashonwa.

Nimehangaika, dada. Nilisema mama yangu anaumwa nikapanda gari kwenda Tunduma, mimi na mjomba Amoni tumezunguka maduka yote ya spea, spea za malori tele, za boti hakuna, tukavuka mpaka kwenda Nakonde, kila duka ni "Awe, bamayo, takwaba," yaani hakuna mama, mpaka tukampata mmoja ambaye nduguye yuko Mpulungu kwenye maboti ya Ziwa Tanganyika, tukapima ile impela ya zamani, upana, unene, tundu la shafti, tukampigia simu, anayo, lakini itafika Tunduma Jumanne. Safari ni Jumapili! Baba sasa anavua karibukaribu na ufuko kwa mwendo wa taratibu, hapo kisigino kinahimili, ila katikati ya Rukwa na watu wote wale, sijui.

Ipyana nilipomwambia alicheka mpaka akaanguka na kigoda, kisha akauliza gamboti langu liko wapi, kisha akanishika mikono akasema nakuomba nyamaza, utamwaibisha baba kanisani na mama atajiona alifunga bure. Nikinyamaza naogopa ziwa, nikisema naogopa kumvua mzee yule heshima, na hata nikitaka kusema, nitaanzaje wakati siruhusiwi kumwambia hata habari za asubuhi? Nisaidie, dada.

Mkamwana wa Ziwani, Momba

*

Mkamwana wa Ziwani, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka fundi mitambo akachungulia studio kuuliza kulikoni. Mara ya pili sikucheka.

Kwanza hongera. Mikono yako ibarikiwe! Fundi amehangaika na gasketi mbili, wewe umeona mvuke tu, ukajua. Shamba la kahawa la mzee limepona kwa sababu yako, na ningekuwa karibu ningekuletea kuku mzima.

Umemaliza kufurahi? Haya, sasa kaa chini. Tumbo halikuwa linauma, mama yako hakuwa anaumwa, na gamboti ulilikata bila kuomba. Mke wa mtu na fundi mzima unakwenda kwa uongo kama mtoto aliyekula sukari! Kisigino cha gamboti kwa kuvulia karibu na ufuko, nakubali, dharura ni dharura. Lakini wanakwaya ishirini na sita katikati ya Rukwa, upepo wa mchana umeamka, mawimbi yanagonga, injini inachemka, na mamba wako pale wanasikiliza pambio? Hapana, mwanangu. Hilo hukuhitaji kuniandikia mimi, ulilijua tangu siku ulipopanda gari kwenda Tunduma.

Tena kuna kile kipande cha nne. Umekitaja harakaharaka ukapita, lakini mimi nimekiona. Kama hakikutoka nje, kimekaa mahali kinasubiri, na siku kitakapojisogeza kwenye njia ya maji, hata impela mpya ya dhahabu haitakusaidia. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba safari ya Jumapili inawezekana kwa mwendo wa taratibu. Haiwezekani.

Unasema utawavua watu muujiza wao. Nani kakuambia? Mama mkwe alifunga siku tatu akiomba nini? Injini ipone. Imepona, haijapona? Ulitaka malaika ndiye ashike spana? Yule mama aliomba, na fundi alikuwa ameshaolewa nyumbani kwake tangu miaka tisa iliyopita, anaosha masufuria nyuma ya matete. Mwambie hivyohivyo, uone kama hatapiga vigelegele mara ya pili. Edson naye alisema kweli kadiri ya alichokijua. Mpeni nafasi ashike taa siku ya kazi, aone tundu la ubavuni lina habari gani, atakuwa fundi bora kuliko jana.

Kuhusu mila, usinichezee. Mimi pia nimeolewa, nimejificha sana kwenye migomba ya watu. Mila imekukataza kusema na baba mkwe. Kusema na mama mkwe hakuna aliyekukataza, na tangu zamani yeye ndiye anayepeleka maneno upande wa pili. Wewe ulimruka ukamtuma mume, na mume akalificha jina lako mfukoni. Ipyana, mwalimu, nakusikia unavyojikuna kichwa huko. Mjumbe hauawi, baba! Ungesema tu, "Mke wangu amesema maji hayafiki," leo tusingekuwa hapa, na gamboti lako lingekuwa zima.

Sasa sikia la kufanya. Leo hii, si kesho, chukua ile impela ya zamani yenye mabawa mawili, na vile vipande vitatu, uende jikoni kwa mama mkwe. Piga magoti, viweke mkononi mwake, umweleze kila kitu tangu tumbo la uongo mpaka kisigino. Atashtuka, anaweza hata kulia, mwache. Kisha yeye ndiye ampelekee baba, na yeye kama kiongozi wa kwaya ndiye amwambie mchungaji kwamba safari inasogea wiki moja. Sare za kitenge hazichachi.

Jumanne uwe Tunduma asubuhi na mapema. Impela ikifika usiipokee kwa maneno matamu ya muuzaji, iweke juu ya ile ya zamani hapohapo dukani, mabawa kwa mabawa, tundu kwa tundu, na kama inakataa kuingia usiilazimishe. Agiza na ya pili ikae ndani ya boti, maana Mpulungu si jirani. Ukirudi fungua bomba lote mpaka mwisho, ulipulizie maji kutoka upande wa pili, kipande cha nne kionekane kwa macho. Halafu boti ifungwe kwa kamba ufukweni, injini iunguruke saa nzima, mkono wako ukiwa kwenye bomba na macho kwenye tundu la maji. Hiyo kazi uifanye mchana, watu wote wanaona, bila kujifunika kitenge. Wakati huo baba mkwe akatembelee shamba lake la kahawa Ruanda, mila itakuwa salama na wewe utakuwa salama.

Na sasa naomba radhi kwa wasikilizaji wengine, nina neno na mzee mmoja.

Baba, shikamoo. Sikutaji, lakini ziwani huko hakuna asiyesikiliza kipindi hiki, na wewe umeshajijua tangu niliposema kahawa. Usione aibu. Ulipiga magoti kwenye tope ukashukuru, na shukrani yako ilifika. Ulikuwa hujui tu kwamba aliyeshika spana amekupikia ugali miaka tisa. Sasa kuna mambo mawili. Zima injini hiyo kuanzia sasa, hata kama umeshaweka nyavu. Na kwaya haikanyagi boti mpaka mkamwana wako aseme iko tayari. Hawezi kukuambia wewe, kwa hiyo atamwambia mama, mama atakuambia wewe, na wewe, baba, utatii.