Rudi Mwanzo kwa Herufi Nene

Katubuka, Kigoma
10 Machi 2025

Wema mwanangu,

Mwakeye. Sisi wazima, mama yako kifua kimepoa. Habari za Morogoro?

Jana kwaya ilinivunjikia kanisani. Soprano walirudi mwanzo, besi wakasonga mbele, na Yona kwenye kinanda akapiga sauti za kodi ya B6 mahali pa B♭. Watu wakageuka kututazama. Kamati ya kwaya inasema macho yangu yamechoka. Pasaka nikishindwa, kwaya anapewa Alphonce wa Buzebazeba. Miaka thelathini na moja naifundisha, mwanangu!

Baba yako,
Pastory

Morogoro
19 Machi 2025

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Mpe mama pole.

Baba, kosa ni langu. Nilipouchapa wimbo wako kwenye kompyuta nilichagua fonti ya herufi nyembamba, za kulala, kwa kuwa ilinipendeza. Alama ya flati, ♭, inasomeka kama sita. Ile "D.C." ya kurudia haionekani kabisa. Waambie kamati hivyo.

Nimeweka humu kurasa tatu za wimbo, kila moja na fonti yake. Zibandike ukutani, unijibu ipi inasomeka.

Mwanao,
Wema

Katubuka
28 Machi 2025

Mwanangu,

Hatujambo. Ya kwanza imetushinda. Ya tatu kodi zinagongana na maneno. Ya pili ndiyo! Yona kaisoma toka mlangoni, mimi bila miwani. Ila Regina wa soprano kaniuliza, "Mwalimu, hiyo D.C. ni nini hasa?" Miaka yote anaimba! Andika Kiswahili.

Kamati sikuwaambia kitu. Wimbo ni wangu.

Baba

Morogoro
5 Aprili 2025

Shikamoo baba,

Mama anaendeleaje? Nakala ndizo hizi. RUDI MWANZO, herufi nene kuliko kodi, na MWISHO ndani ya kisanduku.

Naogopa, baba. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Wema

Katubuka
21 Aprili 2025

Wema wangu,

Mama yako anakusalimu, sauti imemkauka kwa vigelegele.

Jana, Pasaka, tulipofika pa kurudia nilinyanyua mkono, nikafumba macho. Watu hamsini wakarudi mwanzo kama mtu mmoja! Yona hakukosea kodi hata moja. Paroko akasimama: "Tena!" Tukaimba tena. Mwenyekiti wa kamati akanishika mkono mbele ya watu. "Mwalimu, kwaya ni yako." Nikamjibu, "Najua."

Alphonce kaja mwenyewe kuomba nakala za kwaya yake. Tuma arobaini. Na chini ya jina langu weka la kwako, kwa fonti hiyo hiyo, nene.

Baba yako,
Pastory